MATEMBEZI YA JUMA: Shamba Hili ni la Nani?

Wasomaji wapenzi, wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Juma lililopita nilipata mgeni, naye akaniponya ugonjwa ambao sikujua kwamba ninao: ugonjwa wa kupita mahali kila siku bila kupatazama.

Mgeni mwenyewe ni mjomba wangu, ndugu yake mama, mzee wa miaka 77, ambaye makazi yake ni upande wa Taita. Alikuja Nairobi kutibiwa macho, kwa kuwa ameingiwa na mtoto wa jicho, na jicho lake la kushoto sasa laona kama mtu atazamaye ndani ya ukungu. Alipanda treni Voi, nikampokea jioni, na asubuhi yake tukaenda mjini. Alitakiwa kufika kwa daktari saa nane mchana, nasi ilipofika saa nne na nusu tulikuwa tumekwisha maliza shughuli zetu zote. Nikawaza, nitamweka wapi mzee huyu kwa muda huo wote? Mkahawani mtu hanunui kikombe kimoja cha chai akakaa nacho saa tatu, na kando ya barabara hapana pa kuketi. Ndipo nikakumbuka Bustani ya Jeevanjee.

Bustani hii iko katikati ya mji hasa. Upande mmoja yapakana na Moi Avenue, barabara iliyokuwa ikiitwa Government Road, na upande wa pili yapakana na Muindi Mbingu Street. Nazo Monrovia Street na Moktar Daddah Street zafunga pande mbili zilizosalia. Ukubwa wake ni kama ekari 5. Mkulima wa kwetu atasema hilo ni shamba la kawaida tu. Lakini katika mji ambao hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 4,397,073, na ambao kila kiwanja chake chatafutwa kwa mamilioni ya shilingi, ekari 5 zenye miti mikubwa, majani na viti vya kukalia ni jambo la kustaajabisha.

Tulipofika langoni mjomba akasimama, akaegemea fimbo yake, wala hakutaka kuingia. Akaniuliza, "Mjomba, shamba hili ni la nani?"

Nikamjibu, "Ni bustani tu, mjomba. Karibu tuingie."

Akasema, "Nimesikia kwamba ni bustani. Nakuuliza mwenyewe ni nani. Marehemu babu yako alifanya kazi ya upishi katika mji huu siku za Hali ya Hatari, na siku zile Mwafrika hakuweza kutembea hapa bila karatasi zake mfukoni. Alituusia tulipokuwa wadogo akisema, mkifika Nairobi msiketi mahali msipomjua mwenyewe. Basi niambie."

Wasomaji, nimekaa Nairobi zaidi ya miaka 20. Nimepita katika bustani hiyo mara zisizo na idadi, nikikata njia kwenda sokoni au kukimbilia gari. Lakini swali hilo sikuweza kulijibu. Nilisema, "Ni ya Serikali," kama wasemavyo watu wasiojua, tukaingia.

WALIOKUWAMO NDANI

Kwa kuwa macho ya mjomba hayafai sana, alinitaka nimwelezee kila kitu, nami kwa kumwelezea nikaanza kuona. Nilimwambia kwamba kuna vijana wawili wamevaa tai, kila mmoja na bahasha ya karatasi zake, wanangoja kuitwa mahali kuhojiwa kwa ajili ya kazi. Kuna mama amelaza mtoto juu ya leso, anakula mahindi. Kuna mpiga picha mwenye kamera shingoni, na mng'arisha viatu, na wazee wawili wasiosemezana ambao yaonekana hukutana pale kila siku kusudi wasisemezane pamoja. Kuna mhubiri mmoja ameshika Biblia, anatembea mbele na nyuma akiwaita watu watubu, na hatua 20 kutoka kwake kuna watu wamelala usingizi kwenye majani bila kujali kama wameokoka au la.

Mjomba akauliza, "Na hawa wote hulipa nini?"

Nikamwambia, "Hawalipi kitu."

Akatikisa kichwa. "Basi hapa ndipo mahali pa kwanza katika Nairobi ambapo mtu ameketi bure."

Nililitafakari neno hilo, nikaona kwamba ni kweli. Katika mji, kila ukikaa wakaa kwa fedha: chumba kwa kodi, gari kwa nauli, mkahawani kwa chai. Mtu ambaye mfukoni mwake hamna kitu hana haki ya kusimama, seuze kuketi. Mlangoni pa duka bawabu atamwambia asogee. Lakini katika bustani ya watu wote, maskini na mwenye mali huketi kwenye kiti kimoja, na kivuli cha mti hakimwulizi mtu jina. Mji usio na mahali kama hapo ni mji uwaambiao raia zake kwamba wasipokuwa na cha kununua, warudi walikotoka.

Karibu na mti mmoja palikuwa na kundi la watu kama 30, wamesimama duara, mmoja akisema na wengine wakisikiliza. Hawa ni wale wanaojiita Bunge la Mwananchi, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakikusanyika katika bustani hiyo kuzungumza mambo ya nchi. Siku hiyo walikuwa wakijadiliana kwa nini nauli ya mabasi hupanda mvua inaponyesha, ilhali barabara ni ile ile na mafuta ni yale yale. Mmoja alitetea wenye magari, akasema msongamano huchoma mafuta; wa pili akamjibu kwamba mvua ni ya Mungu wala haikukodishwa na mtu. Walicheka, lakini kila mmoja alingoja zamu yake. Mjomba akapenda sana. Akasema, "Hili ni baraza kamili. Nipeleke karibu."

Alipopewa nafasi, hakusema neno juu ya nauli. Aliuliza swali lake lile lile: "Wanangu, shamba hili ni la nani?"

Watu wakapiga kelele pamoja, "Ni letu!"

Mjomba akasema, "Nimefurahi. Je, mna karatasi?"

Hapo pakawa kimya kidogo. Kisha kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, akaja kuketi nasi, akatueleza. Niliyoyasikia kwake niliyahakikisha baadaye vitabuni, nami nayaandika hapa kwa utaratibu, kwa sababu naamini wengi wenu mmepita pale kama mimi, bila kujua.

MTU ALIYEITOA

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856 huko Karachi, mji ambao leo uko katika nchi ya Pakistan. Alikuja pwani ya Afrika Mashariki kufanya biashara, na reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuleta wafanya kazi kutoka Bara Hindi na kuwapatia vyakula. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na Jeevanjee akawa mmoja wa watu waliojenga mji huo mpya. Mwaka 1902 alianzisha gazeti la African Standard huko Mombasa, ambalo baadaye aliliuza, nalo likaendelea kukua hata likawa gazeti la The Standard tulijualo sasa. Mwaka 1909 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo.

Mwaka 1906 aliitoa bustani hii kwa watu wa Nairobi, akaweka ndani yake sanamu ya Malkia Victoria, nayo ilifunguliwa na mwana wa Malkia mwenyewe, Mtawala wa Connaught, alipozuru nchi mwaka huo. Sanamu hiyo ilikaa pale zaidi ya miaka 100, mpaka mwaka 2015, ambapo watu wasiojulikana waliivunja kichwa. Jeevanjee mwenyewe naye ana sanamu yake humo bustanini.

Lakini tazameni jambo hili. Siku zile ardhi nzuri ya nyanda za juu ilitengwa kwa ajili ya Wazungu peke yao. Mhindi, hata angekuwa na fedha kiasi gani, hakuruhusiwa kununua shamba huko. Naye Mwafrika, ambaye ardhi ilikuwa yake tangu asili, aliondolewa juu yake. Jeevanjee alipinga ubaguzi huo wa kuwabagua Wahindi maisha yake yote, hata kufa kwake mwaka 1936. Sisemi kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mfanya biashara, na sanamu ya Malkia ni ushahidi kwamba alijua pia kuwafurahisha wakubwa. Lakini kipande hiki cha ardhi alichokitoa hakukitoa kwa Wahindi, wala kwa Wazungu, wala kwa wenye mali. Alikitoa kwa watu wa mji. Na neno hilo "watu" lilikuwa pana kuliko sheria za wakati wake, likatungoja mpaka nasi tukaingia ndani yake.

MWAKA 1991

Mwaka 1991 ilinusurika kidogo tu bustani hii isipotee. Wakati huo Nairobi haikuwa na madiwani waliochaguliwa na raia; tangu 1983 iliongozwa na tume iliyowekwa na Serikali. Pakatokea mpango wa kujenga mahali pale jumba la ghorofa la kuegeshea magari pamoja na maduka. Walioutetea walisema kwamba mji una magari mengi, na kwamba bustani ile ilikuwa imekuwa chafu, makao ya wavivu na wezi.

Mjukuu wa Jeevanjee, Bibi Zarina Patel, aliposikia habari hiyo hakunyamaza. Alisema kwamba kitu kilichotolewa kwa watu hakiwezi kuchukuliwa bila watu kuulizwa. Aliwakusanya wenzake, akaandika, akaeneza habari. Na watu wa Nairobi, ambao wengi wao hawakuwa na hata jina la Jeevanjee midomoni, wakaanza kusema kwamba bustani ni yao. Mpango ule ukaachwa. Bibi huyo baadaye aliandika kitabu juu ya maisha ya babu yake, kilichotoka mwaka 1997.

Alisaidiwa na mfano uliokuwa mbele ya macho ya kila mtu. Mwaka 1989, katika Uhuru Park, bustani kubwa iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969, palitakiwa kujengwa jumba la ghorofa 60 kwa ajili ya shirika la gazeti la Kenya Times, lenye sanamu ya Rais mbele yake. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa chama cha kupanda miti cha Green Belt Movement, aliandika barua huku na huku akipinga. Wabunge walimcheka katika Bunge, na chama chake kikatolewa katika ofisi kilimokuwa. Hakurudi nyuma. Waliotakiwa kutoa fedha wakaanza kusita, jumba likapunguzwa katika michoro, na mwishowe likaachwa kabisa. Mwaka 2004 Profesa huyo alipewa tuzo ya Nobel ya Amani.

Na sasa sikieni neno ambalo lilimfanya mjomba apige fimbo chini. Tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ya Kenya ilitiwa sahihi hadharani, na umati mkubwa wa watu ukishuhudia. Mahali penyewe ni wapi? Ni Uhuru Park. Ndani ya Katiba hiyo, kifungu cha 62 chaeleza ardhi ya umma ni ipi, na kifungu cha 40 chasema kwamba haki ya kumiliki mali haimlindi mtu aliyeipata mali hiyo kinyume cha sheria. Kama yule mama angenyamaza mwaka 1989, watu wasingekuwa na mahali pale pa kusimama siku Katiba ilipozaliwa.

WATOTO WA LANG'ATA

Yule mwanafunzi aliongeza habari moja. Mwezi wa Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, hapa Nairobi, walirudi kutoka likizoni wakakuta ukuta umejengwa kuuzunguka uwanja wao wa michezo. Watoto hao, wengine wadogo kabisa, walitoka pamoja na watu wazima waliowaunga mkono wakausukuma ukuta ule mpaka ukaanguka. Polisi waliwatupia moshi wa kutoa machozi, na picha za watoto wakikimbia huku wamefunika macho zikaonekana dunia nzima. Wakubwa wakaona haya, na uwanja ukarudishwa kwa shule.

Kijana akasema, "Mimi nilikuwa darasa la tano mwaka ule, katika shule nyingine. Tangu siku ile kila nikiona uwanja wa shule, hutazama kwanza kama una ukuta usiojulikana." Kisha akatuaga, akarudi kwenye baraza lake.

SIRI YA MJOMBA

Mjomba hakusema kitu kwa muda mrefu. Nilidhani amechoka, nikataka kumnunulia maji. Akanizuia mkono, akasema, "Keti, mjomba. Nina neno."

Nalo neno ni hili, na amenipa ruhusa kuliandika, mradi nisitaje kijiji wala jina la mtu. Kwetu palikuwa na uwanja. Siku za juma watoto walicheza mpira hapo, siku moja katika juma palikuwa na gulio, na chini ya mkuyu uliokuwa pembeni wazee walikaa kuamua mashauri. Mama yangu aliuza ndizi katika uwanja huo. Mimi mwenyewe nilijifunza kupanda baiskeli hapo. Miaka kadhaa iliyopita alitokea mtu mwenye uwezo, akaja na mpima ardhi na mawe ya mipaka, akasema kwamba kiwanja ni chake na kwamba atajenga maghala. Kamati ya wazee ikaitwa. Chai ikaletwa pamoja na mandazi. Mtu yule akauliza kwa adabu nyingi kama kuna mwenye neno la kupinga.

Mjomba alikuwa mwandishi wa kamati hiyo. Ndani ya sanduku lake la bati, chini ya nguo, alikuwa na barua ya zamani ya Serikali, aliyoachiwa na mwandishi aliyemtangulia, isemayo kwamba uwanja ule umetengwa kwa matumizi ya watu wa kijiji. Na yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba barua ile ipo.

"Nilinyamaza," akasema. "Mtu yule alikuwa akimlipia mwanangu wa mwisho ada ya shule. Alikuwa amelipa mihula miwili, na mwanangu alibakiza mihula minne. Nikaitazama chai yangu, nikanyamaza. Maghala yenyewe hayajajengwa hata leo, lakini seng'enge imezungushwa, na gulio limehamia kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori hupita kwa kasi. Kila siku ya gulio nikiwaona akina mama na watoto wao wameketi kando ya lami, chakula hakinipiti."

Sikujua la kumjibu. Mwanawe huyo aliyelipiwa ada namjua. Ni mwalimu sasa, na ni mtu mwema. Nani atamwambia mzazi maskini kwamba afadhali mwanawe angetolewa shuleni? Wala sikuweza kumlaumu mzee, kwa kuwa mimi mwenyewe saa moja iliyopita sikujua bustani niliyokalia ni ya nani. Nikaona kwamba kuna watu wa namna mbili wasaidiao mali ya wote kupotea: ajuaye akanyamaza, na asiyejua wala asiulize. Siku ile namna zote mbili ziliketi kwenye kiti kimoja. Nikamwuliza jambo moja tu: "Barua ile iko wapi?"

Akasema, "Iko sandukuni. Sikuichoma. Sikuwa na ujasiri wa kuitoa, wala sikuwa na ujasiri wa kuichoma."

Saa saba na nusu tuliondoka, nikampeleka kwa daktari.

MAMBO MANNE YA KUSHIKA

Wasomaji wangu, safu hii si ya sheria, nami si wakili. Lakini kwa matembezi hayo ya saa tatu nimepata mambo manne ambayo naona yamfaa kila mtu, awe wa mjini au wa shamba.

La kwanza, uliza. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu yeyote aweza kwenda katika ofisi ya ardhi, akalipa ada iliyowekwa, akaonyeshwa kiwanja fulani kimeandikwa kwa jina la nani. Uwanja wa shule ya wanao, njia ya kwendea mtoni, makaburi ya kijiji, je, umepata kuuliza? Tume iliyochunguza habari za viwanja vya umma vilivyogawanywa kinyume cha sheria, ambayo taarifa yake ilitolewa mwaka 2004 na ambayo hujulikana kwa jina la mwenyekiti wake, Bwana Ndung'u, ilionyesha kwamba misitu, shule, masoko, hata vyoo vya watu wote vilikuwa vimechukuliwa. Havikuchukuliwa usiku kwa panga. Vilichukuliwa mchana kwa kalamu.

La pili, patumie. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bustani isiyokaliwa na watu huonekana haina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe huwa cha wa kwanza kukishika. Wale wazee wawili wasiosemezana, kwa kuketi tu pale kila siku, ni walinzi wa ekari 5 kuliko wanavyojua.

La tatu, pasafishe. Mliona hoja ya waliotaka kujenga mwaka 1991: walisema bustani ni chafu. Kila ganda la ndizi tulitupalo kwenye majani ni neno moja tunalomwandikia mnyang'anyi katika ombi lake. Atasema, tazameni, hawapataki, nipeni mimi nipatengeneze.

La nne, sema mapema. Jiwe la mpaka hung'olewa kwa mkono mmoja, lakini ghorofa haing'olewi. Bibi Zarina na Profesa Wangari walisema kabla jengo halijasimama, wakati michoro ingali karatasi. Mwenye kungoja mpaka saruji ikauke ataambiwa kwamba amechelewa, na kwa kweli atakuwa amechelewa.

Najua wako watakaonijibu kwamba maskini hana nguvu ya kusema, kwa kuwa mwenye kunyang'anya ndiye pia mwenye kulipa ada, kuchangia mazishi na kutoa mabati ya kanisa. Hoja hiyo si ndogo, nami nimeiona ikiwa imeketi kando yangu na kushika fimbo. Jibu langu ni kwamba mzigo huo haufai kuachiwa mtu mmoja. Kama barua ile ingalikuwa imenakiliwa mara kumi, na nakala zake kukaa katika nyumba kumi, mjomba asingekuwa na siri ya kuificha, na mwenye mali angalitakiwa kuwalipia ada watoto wa nyumba kumi. Siri ya watu wote iwe mkononi mwa wote.

SIMU YA IJUMAA

Mjomba alirudi nyumbani siku ya Jumatano, jicho lake moja limefungwa kitambaa. Ijumaa usiku akanipigia simu. Aliniambia kwamba daktari wa huko alikifungua kitambaa asubuhi, na kwamba jambo la kwanza aliloliona vizuri ni uso wa mkewe, wakacheka wote wawili kwa jinsi walivyozeeka. Kisha sauti yake ikabadilika. Akasema kwamba amefungua lile sanduku. Mchwa wamekula pembe moja ya barua, lakini nambari ya faili na muhuri vyasomeka. Amempa mwanawe, yule mwalimu, akamweleza yote, na habari ya ada asiifiche.

Nikamwuliza, "Naye alisema nini?"

Mjomba akanyamaza kidogo. "Hakusema kitu. Aliisoma mara mbili, akaenda mjini kuipiga nakala."

Sijui mambo yatakwishaje, wala sitaki kuwaahidi wasomaji mwisho ambao bado haujafika. Seng'enge ingali imesimama, na mwenye uwezo angali na uwezo. Lakini kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, swali limeulizwa.

Basi ninyi mpitao katika Bustani ya Jeevanjee mkikimbilia mabasi, siku moja ingieni mketi, japo kwa robo saa. Na ninyi mlio mbali na Nairobi, tazameni uwanja ulio karibu nanyi, mjiulize swali la mzee wa Taita. Ambaye atapata jibu, au ambaye atakosa jibu, na aniandikie. Barua zenu nitazitia katika safu hii kwa kadiri nafasi itakavyoruhusu. Kwa leo kwaherini, mpaka juma lijalo.